Busati Lililotandikwa Ikungi

Mtoto anayesoma madrasa huku kwetu huianza Kurani kutoka mwisho. Huanza na sura fupi fupi za juzuu ya thelathini, zile za mistari mitatu au minne, kisha hupanda taratibu mpaka anapofika Surat An-Nabaa, inayoifungua juzuu hiyo. Mwanzoni tu mwa sura hiyo Mwenyezi Mungu anawakumbusha watu kwamba ardhi imefanywa kuwa tandiko na milima ikafanywa kuwa vigingi.

Sisi watoto wa Ikungi tulikuwa na maana yetu ya kigingi. Waarabu wa jangwani walioisikia aya hiyo kwa mara ya kwanza bila shaka waliona hema mbele ya macho yao: kitambaa kilichotandazwa, kamba zilizovutwa, na vigingi vinavyozuia upepo usilibebe. Sisi hema tulilijua la harusi tu, na la mikutano ya injili ya jirani zetu. Kigingi tulichokijua ni cha mbuzi. Kinapigiliwa chini wakati wa masika, mbuzi anafungwa kamba, anakula mpaka kamba inapomwishia, ili asiingie kwenye uwele wa watu. Kwa hiyo mimi nilielewa kwamba ardhi ni mnyama, na kwamba yale majabali ya mawe yaliyotapakaa Singida nzima ndiyo yanayoizuia isitoroke.

Ustadhi wetu alicheka nilipomweleza, lakini hakusema nimekosea. Alisema milima imewekwa ili ardhi isituyumbishe, basi mwenye hema aone hema na mwenye mbuzi aone mbuzi. Miaka mingi baadaye nilikutana na Surat Al-Mulk, ambamo ardhi inaitwa *dhalul*, neno ambalo Waarabu hulitumia kwa ngamia aliyefugwa akatulia, asiyemrusha anayempanda. Wanadamu wanaambiwa watembee juu ya mabega yake na wale katika riziki ya Mola wao. Mnyama alikuwemo Kuranini tangu zamani.

Nimekuwa nikizikusanya picha hizi, mwanzoni kwa sababu ninafundisha Kiswahili sekondari na napenda kujua maneno yametoka wapi. Ardhi katika Kurani ni *firashi*, yaani tandiko la kulalia. Ni *mahdi*, yaani kitanda cha mtoto mchanga. Ni *karari*, mahali pa kutulia. Katika Surat Nuh ni *bisati*, na hapa mwanafunzi yeyote wa Kiswahili atanyoosha mkono, kwa sababu neno hilo tunalo tayari. Ni busati. Wafasiri wetu, kuanzia Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake ilitoka kamili mwaka 1969, mpaka Sheikh Ali Muhsin al-Barwani aliyetoa yake mwaka 1995, hawakuwa na haja ya kwenda mbali. Maneno ya nyumba yalikuwa yameshaingia katika nyumba za Waswahili.

Lakini kuna neno moja lililogeuka njiani. Surat Al-Anbiyaa inaiita mbingu *sakfu* iliyohifadhiwa. Kwa Kiarabu *sakfu* ni paa. Kwa Kiswahili sakafu ni chini, tunapokanyaga. Nadhani majumba ya mawe ya pwani yana mkono katika jambo hilo: dari ya chini ni sakafu ya juu, na neno moja linaweza kuhudumia pande zote mbili. Mwanafunzi wangu mmoja aliliona hilo kuwa kosa la wahenga. Nikamwambia aje kwetu aone tembe.

Tembe ni nyumba yetu Wanyaturu, kama ilivyo ya majirani zetu Wagogo. Ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa la bapa. Unasimamisha nguzo za mti mgumu, unalaza boriti, unapanga fito, unaweka nyasi, kisha juu yake unamwaga udongo na kuushindilia. Kuta ni udongo, chini ni udongo, na juu ni udongo. Wakati wa mavuno mama alikuwa akipanda juu na kuanika mtama. Sisi tukiwa ndani tulisikia hatua zake zikipita juu ya vichwa vyetu, na vumbi jembamba likishuka kwenye mwanga wa mlango. Paa lilikuwa sakafu. Kwa mtoto wa tembe hakuna neno lililogeuka.

Katika kitabu *Al-Hikma fi Makhluqati Llah*, kinachonasibishwa na Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ulimwengu unafananishwa na nyumba iliyokwisha kuandaliwa. Mbingu zimeinuliwa kama paa, ardhi imetandikwa kama busati, nyota ni taa, madini ni akiba iliyofichwa stoo, na mwanadamu ni kama mwenyeji aliyekabidhiwa kila kilichomo. Wafasiri wakubwa nao walijiuliza tandiko hilo lilitengenezwaje. Ar-Razi alieleza kwamba ardhi haikufanywa ngumu kama jiwe tupu, tusingelala wala kulima, wala laini kama maji, tungezama. Ilipimwa.

Nilipomsomea mama habari hizo, aliniuliza swali moja. "Na huyo imamu, alikuwa anachota maji wapi?"

Mama hakuwa anakejeli. Ikungi ni wilaya tangu mwaka 2012, ilipomegwa kutoka Singida Vijijini, na barabara ya lami ya Dodoma inapita katikati yake. Lakini mkoa wetu bado ni nchi ya nusu ukame. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima hupatikana wastani wa milimita 500 hadi 800, tena pakiwa na wiki kadhaa kavu katikati ambazo mahindi hayazisamehe. Ndiyo maana wazee walishika uwele na mtama, na sisi tukashika alizeti. Ikifika Septemba udongo umepauka, upepo unabeba vumbi toka asubuhi, na ndoo zinapangwa foleni kisimani kabla ya adhana ya alfajiri. Mama aliutembea mwendo huo miaka arobaini. Mtu wa namna hiyo ukimwambia nyumba imeandaliwa, ana haki ya kuuliza jikoni ni wapi.

Nililibeba swali lake muda mrefu. Sikutaka kumjibu kwa maneno ya mimbari. Jibu lililonitosha, kwa kadiri linavyotosha, nililipata katika kisa ambacho mama mwenyewe alitusimulia tukiwa wadogo. Nabii Ibrahim alimwacha mkewe na mtoto mchanga katika bonde, na Surat Ibrahim inalitaja wazi kuwa bonde lisilo na mmea. Hapo ndipo palipokuwa pa Nyumba Tukufu. Kati ya bustani zote na mabonde yote ya mito, Nyumba ya kwanza ya ibada iliwekwa mahali pakavu. Bibi Hajar alikimbia kati ya Safaa na Marwa mara saba akitafuta maji, na Zamzam ikatoka baada ya miguu yake kuchoka. Kila anayehiji mpaka leo anapita njia ya mwanamke aliyekuwa akitafuta maji ya mtoto.

Nilimwambia mama hivyo. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi mimi nimehiji sana."

Sijui kama sheikh angeikubali kauli hiyo. Mimi nimeiandika kama alivyoisema.

Baba aliugua mwaka wake wa mwisho wakati wa kiangazi. Miguu ilikuwa na vidonda visivyotakiwa kuguswa na maji, na mikono ikaja kufuata. Hakutaka kuacha sala hata moja. Ruhusa ya kutayamamu iko katika Kurani yenyewe, Surat An-Nisaa na Surat Al-Maida, na wanahistoria wa dini wanaieleza kuwa ilishuka safarini, jeshi lilipochelewa kumtafutia Bibi Aisha kidani chake kilichopotea, mahali ambapo hapakuwa na maji. Iko pia hadithi sahihi ambamo Mtume anaeleza kwamba ardhi yote amefanyiwa kuwa msikiti na kitoharishi. Sisi Afrika Mashariki wengi ni wa madhehebu ya Imam Shafii, na Shafii hakubali jiwe wala mchanga mtupu. Anataka udongo safi wenye vumbi linaloshika mkono.

Basi mama akawa anakwenda shambani na ungo. Alichukua udongo mahali ambapo mifugo haipiti, akauchekecha, akautia kwenye sinia ya bati na kuiweka juu ya kigoda karibu na kitanda. Baba alipiga viganja mara mbili, mara ya kwanza akapaka uso, mara ya pili mikono. Nilikuwa nikimwangalia. Udongo ule ndio alioulima tangu ujana wake, ulioingia kwenye kucha zake na kumpa riziki na kumnyima. Sasa alikuwa anaupaka usoni mara tano kwa siku, kwa heshima, kama maji. Nilizoea kudhani busati ni mahali pa kuweka mguu. Baba aliliweka usoni.

Alifariki kabla ya mvua. Tulimwosha kwa maji yenye majani ya mkunazi, na maji yale yalikuwa ndoo za majirani, kwa sababu zetu zilikuwa tupu. Kaburi lilichimbwa pembeni mwa shamba. Ardhi ya kiangazi ni ngumu. Vijana walipokezana sururu tangu asubuhi, na nilisikia kila pigo likirudisha sauti kama mlango unaogongwa. Wakamchongea mwanandani, kile chumba kidogo cha ubavuni. Wakamlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, ambayo kwetu ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Wakafungua sanda kidogo upande wa shavu ili shavu liguse udongo. Mimi nilikuwa na wanawake nyumbani. Hayo nilisimuliwa na mdogo wangu, ambaye aliingia kaburini kumpokea. Alisema, "Dada, ni kama tumemtandikia."

Kuna picha nyingine ya ardhi ambayo haitajwi sana katika mawaidha. Iko katika Surat Al-Mursalat. Ardhi inaitwa *kifati*, yaani kitu kinachokusanya na kukumbatia, na wanaokusanywa humo ni walio hai na wafu pamoja. Mfasiri mmoja anaweza kusema chombo, mwingine akasema makazi. Mimi naona tembe, ambayo usiku huwaingiza watu na ndama chini ya paa moja na kufunga mlango. Walio hai wako mgongoni mwa ardhi na wafu wako tumboni mwake, na nyumba ni ileile.

Baada ya arobaini ndipo likaja suala la eka 12.

Nitaeleza hesabu, kwa kuwa wengi huisikia mirathi kama jambo la kutisha na hawajawahi kuiona ikifanyika. Baba aliacha mke na watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Mke mwenye watoto hupata thumuni, basi mama alikuwa na eka moja na nusu. Zilizobaki, kumi na nusu, ziligawanywa mafungu sita: wavulana mafungu mawili kila mmoja, wasichana fungu moja moja. Kila kaka eka tatu na nusu, kila dada eka moja na robo tatu. Nimeulizwa na wenzangu kazini kama nimeridhika. Nilichokipata kimeandikwa kuwa haki yangu, na hakuna mjomba aliyethubutu kukigusa. Katika mkoa ambao nimeona mabinti wakirudi kwao mikono mitupu, hilo si dogo.

Kaka yetu mkubwa anaishi mjini, mbali. Mtoto wake wa pili alihitaji upasuaji, na hakuwa na bima. Dalali mmoja alikuwa ameshamtafutia mnunuzi wa fungu lake kwa shilingi 800,000 kwa eka. Mnunuzi hakuwa mtu wa huku, na dalali hakuficha kwamba akishapata zile tatu na nusu angezifuata na zilizobaki. Tulikaa uani, tukaongea kwa sauti za chini, jinsi watu wanavyoongea wanapoogopa kugombana. Mdogo wangu alisema ardhi ya baba haiuzwi. Kaka akasema, "Mtoto wangu naye ni wa baba." Hakuna aliyekuwa na jibu, maana hakuna aliyekuwa amekosea.

Dalali alikuja na vigingi vya mbao na kamba ndefu. Alitaka tupime mipaka siku hiyohiyo, kila mtu aone kilicho chake, amani ipatikane. Mama ndiye aliyekataa. Alisema vigingi visipigwe mpaka sheikh wa msikiti wetu aje.

Sheikh alipokuja alitueleza jambo ambalo kati yetu sisi wanne hakuna aliyelijua. Linaitwa shufaa. Watu wakishirikiana mali isiyohamishika kama ardhi, na mmoja akataka kumwuzia mtu wa nje fungu lake, washirika wenzake wana haki ya kulichukua wao kwa bei ileile. Lakini katika madhehebu yetu haki hiyo ipo tu maadamu mali haijagawanywa. Mipaka ikishawekwa na njia zikatengwa, ushirika umekwisha, na shufaa imeondoka nao. Laiti vigingi vingepigwa asubuhi ile, tungebaki kuwa majirani.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Sheria imeona kwamba watu walio juu ya busati moja wanajuana kuliko watu waliokata kila mmoja kipande chake. Haikumzuia kaka kuuza, wala haikumshusha bei. Iliwapa waliobaki nafasi ya kumbeba mwenzao bila yeye kupoteza kitu.

Mdogo wangu aliuza jozi ya maksai, akapata 1,400,000. Mimi nilikopa 1,000,000 katika chama chetu cha kuweka na kukopa. Dada yetu alitoa 400,000 za alizeti yake. Jumla 2,800,000, ambayo ndiyo bei ya eka tatu na nusu, haikupungua hata mia. Kaka aliipokea mbele ya sheikh, akailia. Mtoto alipasuliwa na anatembea. Mkopo wangu bado nalipa, na mwaka uliofuata mdogo wangu alilima kwa ng'ombe wa kuazima, akachelewa kupanda, akavuna kidogo. Sitaki kuifanya habari hii iwe nyepesi kuliko ilivyokuwa.

Katika nchi hii ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo zinavyosema sheria za ardhi za mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo, inampa mwanakijiji haki ya kumiliki kimila. Kwa hiyo hata karatasi ya serikali haisemi kwamba udongo ni wako. Inasema umepewa haki ya kuukaa na kuutumia. Surat Al-A'raf inasema jambo la jamaa na hilo, pale Adam na mkewe wanaposhushwa: wana makao katika ardhi, na matumizi, mpaka muda fulani. Nyumba iliandaliwa kweli. Lakini tumekabidhiwa, na kila aliyekabidhiwa kuna siku ataulizwa.

Nalo tembe linanifundisha hivyo kuliko vitabu. Paa la udongo halikai lenyewe. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza lazima mtu apande, aangalie nyufa, apeleke udongo mpya, aushindilie. Ukiliacha misimu miwili maji yanapata njia, boriti inaoza, na nyumba aliyoijenga babu inakuangukia wewe. Kuandaliwa nyumba si kumaliziwa kazi. Miti ya nguzo inakatwa kwa ajili ya mkaa wa mjini, na anayetaka kujenga tembe leo anatafuta boriti mbali kuliko baba yangu alivyotafuta. Ndiyo sababu majirani wengi wameweka bati, na siwalaumu. Mama hataki bati. Anasema likinyesha husikii mtu akikuita.

Mwaka huu tuliamua kuomba hati ya kimila kwa jina la pamoja. Majina ni manne: mama, mdogo wangu, dada yetu na mimi. La kaka halimo, kwa kuwa alishalipwa haki yake, ila siku ile alisafiri akaja, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji pamoja nasi. Akija nyumbani hulala chumba kilekile alicholala utotoni, na kaburi lile ni la baba yake kama lilivyo la baba yetu.

Karani alifika kwenye sehemu ya matumizi ya ardhi akauliza aandike nini. Mdogo wangu akasema kilimo. Mama akasema, "Ongeza makazi." Kisha akauliza kama kuna mahali pa kuandika kaburi.

Karani aliitazama fomu juu mpaka chini. Akasema hapana, mama, kaburi halina sehemu yake. Litakuwa limo humohumo kwenye makazi.

"Sawa," mama akasema. "Hata mimi nilijua hivyo."